Ulinzi wa Shume: Hesabu ya Askari Ianze na Barabara

Mpango wa Jeshi la Polisi wa kumweka mkaguzi katika kila kata, katika nchi yenye kata zaidi ya 3,900, umesogeza huduma ya ulinzi karibu na mwananchi. Katika Kata ya Shume, wilayani Lushoto, mpango huo unakutana na milima. Vijiji vimetawanyika kwenye miinuko ya Usambara Magharibi, na njia nyingi za udongo huwa utelezi kila masika.

Ugumu wa kufika huko una historia ndefu. Enzi za Wajerumani, mbao za Shume ziliteremshwa kwa njia ya nyaya hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Leo viazi, karoti na kabichi huteremka kwa malori. Askari naye hutegemea barabara hiyohiyo.

Ndiyo maana kigezo cha idadi ya watu pekee hakitoshi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, lakini saa ambazo askari hutumia kumfikia mwananchi hazimo katika hesabu hiyo. Mjini askari wawili waweza kushughulikia matukio kadhaa kwa siku. Milimani tukio moja laweza kuwamalizia siku nzima: kufika, kuandika maelezo ya mashahidi, kisha kumfikisha mtuhumiwa kituoni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yenyewe inautambua umbali, kwani saa nne za awali za kumhoji mtuhumiwa hazijumuishi muda wa kumsafirisha. Mwathirika hana nafuu ya namna hiyo. Mwanamke aliyepigwa usiku anahitaji fomu ya PF3, na kadiri anavyochelewa kuipata ndivyo ushahidi wa mwilini mwake unavyofifia.

Kwa hiyo ajira na vitendea kazi vipangwe kwa pamoja. Pikipiki bila fungu la mafuta na matengenezo ni chuma tu. Redio ya mawasiliano inahitajika pale simu inapokosa mtandao, na nyumba ya askari ni kitendea kazi sawa na pingu, kwa kuwa askari anayelala mbali hafiki usiku. Wananchi wanapojitolea kujenga kituo, idadi ya askari watakaokaa humo ijulikane kabla ya msingi kuchimbwa.

Shamba la Miti Shume na Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba zinalindwa na TFS, ambayo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 imo katika Jeshi la Uhifadhi. Jukumu lao ni misitu, si ugomvi wa mipaka ya mashamba wala wizi wa majumbani. Hata hivyo, doria za pamoja zingeokoa mafuta ya pande zote mbili.

Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa kueleza tukio lilitokea saa ngapi na askari alifika saa ngapi. Takwimu hizo, zikiandikwa kwenye muhtasari, zinaweza kufikishwa wilayani kabla ya bajeti kufungwa.