Dawa za Mzio na Kaunta ya Kemisti Mombasa

Hewa ya kisiwa cha Mombasa huwa na unyevu mwaka mzima, kaskazi ikivuma au kusi. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hunywa maji. Unyevu huo ndio uhai wa kuvu na wa utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokaa katika magodoro na mazulia. Vinyesi vya utitiri vikivutwa puani, mwili wa mwenye mzio huvichukulia kama adui na kumwaga histamini: chafya hufuatana, kamasi nyepesi hutiririka, macho huwasha. Moshi wa udi na ubani hauleti mzio wenyewe, ila huichokoza pua iliyokwisha kuvimba.

Tiba ya wengi huanza na kuishia kwa kemisti, na jina lake ni Piriton. Hiyo ni klofenamini, antihistamini iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940. Hutuliza chafya na muwasho, lakini hupenya hadi kwenye ubongo na kuleta usingizi, jambo ambalo si dogo kwa dereva wa tuktuk au mpakuzi wa mizigo bandarini Kilindini. Setirizini na loratadini, zilizokuja miaka ya 1980, haziwaletei wengi usingizi, na kidonge kimoja hutosha kwa siku nzima. Ni vigumu kuona kinachoiweka Piriton mbele, isipokuwa mazoea na tofauti ya shilingi chache.

Pua iliyoziba ni habari nyingine. Kuziba huletwa hasa na uvimbe, na dawa ya uvimbe ni steroidi. Kotisoni ilijaribiwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, na miaka miwili tu baadaye watafiti wake, Hench, Kendall na Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobel. Madhara nayo hayakukawia kuonekana: sukari kupanda, mifupa kudhoofika, uso kujaa, na tezi za adrenali kulala kiasi kwamba aliyemeza vidonge kwa wiki nyingi hawezi kuviacha ghafla bila hatari. Ndiyo sababu ikatengenezwa steroidi ya kupuliza puani, inayopimwa kwa mikrogramu, ambayo hufanya kazi palepale penye uvimbe na kuingia kidogo sana katika damu.

Kaunta imeupindua mpangilio huo. Prednisoloni, kidonge cha steroidi, ni dawa ya cheti cha daktari, lakini mara nyingi huuzwa bila cheti kuulizwa, kwa kuwa ni rahisi na nafuu yake ni ya haraka. Dawa ya kupuliza huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kufikia nguvu zake. Ni ghali, na wapo wanaoitupa siku ya tatu wakidhani ni maji matupu. Marekani iliruhusu iuzwe bila cheti mwaka 2013. Wanaopinga ukali wa sheria husema, kwa haki, kwamba maskini hana ada ya daktari. Hoja hiyo inatetea setirizini na dawa ya kupuliza ziwe karibu na za bei ya chini; haitetei vidonge vya steroidi kuuzwa kama peremende.

Ramadhani huongeza swali la kupuliza puani mchana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mwaka 1997 kwamba dawa ya puani haifunguzi, mradi kinachofika kooni kisimezwe. Asiyeridhika na kauli hiyo anaweza kupuliza baada ya futari, maana dawa nyingi za aina hii hutumika mara moja kwa siku.

Matone ya macho ya steroidi yanastahili tahadhari kuliko yote: yakitumiwa kiholela kwa mtoto anayewashwa macho, yanaweza kupandisha shinikizo la jicho na kumpofusha. Krimu kali, kama ya klobetasoli, hukondesha ngozi, na wapo wanaoipaka ili tu wawe weupe.

Mtu akivimba koo na kuishiwa pumzi baada ya kula kamba au kuumwa na nyuki, anahitaji sindano ya adrenalini na kukimbizwa hospitalini mara moja. Piriton na steroidi hapo ni nyongeza, na kusubiri zifanye kazi ni kupoteza dakika zinazohitajika.