Unyenyekevu Hauagizwi



Katika shule za bweni iko desturi ambayo wengi wetu tumeizoea hata hatuoni kuwa ni jambo la kuulizwa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, yule tunayemwita njuka, humchotea maji mkubwa wake wa kidato cha nne, humfulia shati, na hukaa mwisho katika mstari wa chakula. Akinung'unika huambiwa kwamba anafundishwa unyenyekevu. Neno hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike, maana ni neno kubwa kwa Mkristo, na nadhani twalitumia vibaya.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili. Lugha yetu ina neno kunyenyekea, na ina neno kudhalilishwa. Mtu hunyenyekea mwenyewe, kwa hiari yake, hali anao uwezo wa kukataa. Kudhalilishwa hufanyiwa na mwingine. Mtoto wa miaka kumi na minne anayebeba ndoo ya mwenziwe kwa hofu ya kupigwa hajifunzi unyenyekevu hata kidogo. Ajifunza kuogopa, na pamoja na hofu hiyo ajifunza kuingojea zamu yake ya kutumikiwa. Ndiyo sababu desturi hii haifi.

Tazameni sura ya 13 ya Injili ya Yohana. Siku zile kuwaosha watu miguu ilikuwa kazi ya watumishi. Yesu hakumwagiza aliye mdogo katika wanafunzi wake ashike beseni ili apate adabu. Aliondoka penye chakula, akajifunga kitambaa, akawaosha yeye mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa Bwana na Mwalimu wao. Tena Yohana aeleza kwamba Yesu alijua vema ametoka wapi na anakwenda wapi. Basi hakuinama kwa kujidharau. Aliijua nafasi yake, wala hakuogopa kwamba kuinama kutampunguzia kitu.

Nchi yetu nayo ina mfano. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, aliwafukuza chuoni wakarudi makwao, na wako wanaosema alikuwa mkali mno. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliyetaka wasomi wajishushe alijishusha naye.

Najua wako wenzangu watakaosema, "Sisi tulichota, mbona wao wasichote?" Huko ni kumdai deni mtu asiyekopa. Wengine watasema kwamba tuna mtihani wa taifa na muda wetu ni mchache. Hoja hii ina ukweli, lakini mdogo naye ana masomo yake. Mwenye shida na aombe, na anayeombwa awe na ruhusa ya kukataa bila kuandamwa bwenini.

Wala nisieleweke kwamba wadogo wasiwaheshimu wakubwa. Shikamoo haimpunguzii mtu chochote, na mkubwa aitikie kwa moyo. Heshima yapita pande zote mbili. Amri ya kufuliwa shati hupita upande mmoja tu.

Basi nashauri sisi wa kidato cha nne, pamoja na viranja, tuanze muhula huu. Kila mmoja achote maji yake, na katika orodha ya zamu za kusafisha vyoo vya bweni majina yetu yaandikwe ya kwanza. Miezi si mingi tutaondoka hapa, maana mpanda ngazi hushuka. Wadogo watakaobaki watayafanya yale waliyotuona tukiyafanya.