Ramani ya Burkitt ina funzo kwa shule zetu

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika shule zetu nyingi mwanafunzi husifiwa kwa kujibu, na ni nadra asifiwe kwa kuuliza. Ndiyo maana vijana wengi wa Kisii na Nyamira wanaotamani udaktari hudhani kuwa utafiti ni kazi ya watu wa ng'ambo wenye maabara za mamilioni. Ningependa walimu na wanafunzi waitafakari kazi ya mpasuaji mmoja, ambaye swali lake linaigusa ardhi hii tunayoikanyaga.

Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, alifika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine wa namna hiyo mjini Jinja. Alifungua madaftari ya hospitali, akawahesabu watoto wa aina hiyo, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo huitwa kwa jina lake.

Kisha akauliza: mbona ugonjwa huu uko hapa na kule haupo? Alizitumia hospitali za Afrika barua na picha. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri yapata kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiulizia katika hospitali zaidi ya 50. Ramani yao ilidhihirisha kuwa ugonjwa ulienea katika nyanda za joto na mvua. Karibu na ikweta, ulikuwa adimu mahali palipozidi mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari.

Msomaji wa Kisii na aitazame ramani hiyo. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi; mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na sehemu za Nyamira zenye majani chai ziko juu zaidi. Ukiteremka kwa matatu kupitia Rongo hadi Homa Bay, umeuvuka mpaka wa Burkitt. Kwa nini pawe na mpaka? Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza kuwa wamegundua kirusi katika chembe za uvimbe zilizotumwa London kutoka Uganda. Lakini kirusi hicho wanacho watu wengi duniani. Tofauti huletwa na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, na mbu wa malaria hustawi penye joto.

Linalonivutia zaidi ni kwamba mpasuaji huyu alikubali kuwa kisu chake hakikutosha. Alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona. Jijini Nairobi, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, alifanya majaribio kama hayo. Leo saratani hii hutibika kwa dawa, mradi mtoto afikishwe hospitalini mapema.

Hapo ndipo mwalimu anapohusika. Uvimbe huu hukua upesi mno, na huenda dalili ya kwanza ikawa meno kulegea. Jamaa wakidhani ni jino bovu tu, majuma hupotea, na majuma hayo ndiyo uhai wa mtoto. Mwalimu amwonaye mwanafunzi kila asubuhi aweza kuitambua dalili hiyo kabla ya daktari. Wala sisi wa milimani tusijidanganye kuwa tumesalimika: watoto husafiri, na katika miaka ya 1990 malaria ilizuka kwa kishindo hata huku Kisii.

Basi napendekeza kila shule iwe na daftari la homa, mvua na joto la siku, na wanafunzi wa jiografia waichore ramani yake. Kisii ina chuo kikuu, na pia hospitali ya mafunzo na rufaa. Wakuu wa taasisi hizo wawasaidie walimu kuzisoma hesabu hizo, pasipo kutaja jina la mgonjwa yeyote. Burkitt alifariki mwaka 1993, lakini kalamu, daftari na ramani alivyovitumia vimo katika kila darasa la Kisii na Nyamira.