C au Java? Tuhesabu Sufuria

Wanafunzi wenzangu, tangu tuanze mada ya programu katika somo la Kompyuta, kidato cha tatu hakukaliki. Wako wanaoapa kwamba C, lugha ya mwaka wa 1972, huishinda Java ya 1995 kwa kila jambo. Mimi nakataa. Java ikishapata moto huikaribia C kwa kasi, maana sehemu zinazorudiwa sana hugeuzwa kuwa lugha ya mashine programu ikiwa yaendelea.

Taabu yake ni kumbukumbu ya mashine. Mwandishi wa C ni kama mpishi aoshaye sufuria kila akimaliza kuitumia, mbili zamtosha. (Akisahau kuosha, shauri yake!) Java huziacha zirundikane hadi mzoa taka wake aje, basi yataka sufuria nyingi. Mwenye kompyuta kubwa hajali. Lakini je, simu ya mkulima wa miwa hapa Bungoma? Programu nyingi za Android ni za Java na Kotlin, na mwaka wa 2017 Google ilibidi itangaze Android Go kwa simu za gigabaiti 1 au chini yake.

Walimu wetu, mnaposahihisha programu zetu, naomba mtupe alama za kumbukumbu iliyotumika pia, si za jibu sahihi peke yake.