Mwenye faili ndiye mwenye mali

Leo naweka msimbo kando kidogo nizungumzie chuma. Msishangae. Mashine ya leza ya kukata chuma ni kompyuta iliyopewa mwanga mkali, na palipo na kompyuta sisi watunga programu tuna la kusema, hata kama hatujawahi kushika nyundo.

Tangu 2023 serikali ya taifa na serikali za kaunti zina mpango wa kujenga bustani za viwanda, kila upande ukipangiwa kutoa shilingi milioni 250 kwa kila bustani. Basi ukikaa na mafundi wa jua kali, iwe ni Kibuye pale Kisumu au kule Luanda Kotieno, swali ni lile lile: "Mheshimiwa atatuletea mashine lini?" Mimi nasema hivi, na atakayekasirika akasirike: mashine si shida yetu ya kwanza. Shida yetu ya kwanza ni faili.

Wacha nieleze. Lenzi hukusanya mwanga wa leza hadi uwe kitone kidogo sana. Pale kinapogusa, chuma kinayeyuka, na gesi inayopulizwa kwa nguvu, oksijeni au nitrojeni, inausukuma nje ule uji wa chuma. Mbinu ya kukata chuma kwa leza na oksijeni ilionyeshwa Uingereza mwaka 1967, kwa hiyo si uchawi wa jana. Lakini mashine yenyewe haijui tanuri wala samaki. Inajua mistari tu: anza hapa, pinda pale, zima. Mistari hiyo inatoka kwenye mchoro, na mara nyingi mchoro huo ni faili ya DXF, muundo uliotoka na AutoCAD mwaka 1982. Bila faili, leza ni kabati la bei ghali.

Sasa twende Luanda Kotieno, pale feri inapopakia magari ya kwenda Mbita. Fundi wa pale anatakiwa atengeneze nini? Matanuri ya kukausha mbuta kwa moshi. Vishikio vya injini za mashua. Viungo vya vizimba vya kufugia ngege ziwani. Chukua tanuri peke yake. Kila trei ina mamia ya matundu. Ukiyatoboa kwa drili unamaliza siku, unavunja ncha za drili, na matundu hayalingani. Leza inayatoboa ukiwa bado unakunywa chai. Tena mchoraji hodari anaweka ndimi na nafasi kwenye mabamba, kila kipande kinaingia kwa mwenzake, na wewe unalehemu bila kupima upya. Faida ni kubwa, sibishani na mtu.

Je, leza iletwe Luanda Kotieno? Hesabu kwanza. Mashine hiyo inataka stima ya fezi tatu isiyoyumba, kompresa, mtambo wa kuipoza, mitungi ya gesi, na mabamba ya futi 8 kwa 4 yanayoingia kila siku. Zaidi ya hayo inataka kazi ya kutwa nzima, maana mashine ya mkopo inayolala siku tano kwa wiki inamla mwenyewe. Faili kwa upande wake haina mahitaji hayo. Inatumwa kwa simu hadi Kisumu au Nairobi, na vipande vinarudi juu ya matatu vimefungwa kamba. Fundi hahitaji kumiliki leza, kama mimi nisivyohitaji kumiliki kiwanda cha karatasi ili nichapishe barua. Anahitaji mchoro wake uwe mkononi mwake.

Na hapo ndipo tunapoibiwa mchana kweupe.

Jamaa yangu mmoja, fundi wa huko huko, aliunda tanuri kwa mkono, akalijaribu na akina mama wanaokausha samaki, akalirekebisha mara nyingi mpaka moshi ukapita sawasawa. Akabeba vipimo na vielelezo vya kadibodi hadi kwenye karakana moja ya leza, ambayo sitaitaja. Wakamchorea. Wakamtoza ada ya kuchora, kisha ada ya kukata. Alilipa zote mbili. Mara ya pili alitaka kukata kwingine kwa bei nafuu, akaomba faili. Akaambiwa mchoro ni wa karakana. Nikapiga simu mwenyewe nikajibiwa, "Hiyo ni sera yetu, ndugu yangu." Kwa hiyo kila anapotaka kuongeza upana wa trei, hata kwa sentimita mbili, lazima arudi pale pale, alipe bei watakayosema, na angoje foleni. Tanuri alilibuni yeye, lakini kulitengeneza tena bila ruhusa ya mtu mwingine hawezi.

Wenzangu wa programu wanaujua mchezo huu. Mteja amelipia mfumo, msimbo umebaki kwa aliyeuandika, na mteja amekuwa mateka. Sisi tumepigana na tabia hiyo miaka mingi, ndiyo maana tuna programu huria. Kwa nini fundi wa jua kali aanze safari hiyo kutoka sifuri?

Wenye karakana watasema, "Tumefanya kazi ya kuchora, ni haki yetu." Kazi mmefanya, na ndiyo maana mlilipwa ada ya kuchora. Siri zenu za mashine, yaani nguvu ya leza, kasi, shinikizo la gesi na jinsi mnavyopanga vipande kwenye bamba, bakini nazo. Hizo ni ujuzi wenu halali. Umbo la tanuri si lenu. Na sheria haiko upande wenu: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu michoro kuwa kazi inayolindwa, na inasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa mchoraji, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Mafundi wangapi wamewahi kuambiwa hivyo?

Wengine watasema leza itaua kazi ya mikono. Leza inakata bamba bapa, basi. Kukunja, kulehemu, kufunga mlango uzibe moshi, kujua mama wa ufuoni anataka trei ya kimo gani, hayo yote yamebaki kwa fundi. Kitakachoua kazi yake ni kugeuzwa kibarua wa kuunganisha vitu vilivyochorwa na kumilikiwa kwingine. Ziwa hili linaijua hali hiyo. Meli ya William Mackinnon ilijengwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa vipande vipande vyenye namba, ikasafirishwa na kuunganishwa Kisumu, ikazinduliwa 1900. Kuunganisha kulifanyika hapa, michoro ilikuwa ya Paisley. Zaidi ya karne imepita. Tusijirudishe pale pale kwa hiari yetu.

Basi fundi, fanya hivi:

1. Kabla ya kutoa malipo ya awali, uliza: "Nitapewa DXF?" Wakikataa, tafuta karakana nyingine.

2. Hakikisha risiti imeandikwa kuwa mchoro ni mali ya mteja. Sentensi moja inatosha.

3. Usikubali faili ya mashine peke yake. Hiyo ni sawa na kupewa programu bila msimbo wake. Taka DXF, uifungue kwa LibreCAD au Inkscape, zote za bure, kisha upime urefu mmoja unaoujua. DXF haisemi kila mara kama ni milimita au inchi, na tanuri la inchi badala ya milimita litakuwa kubwa mara 25!

4. Weka nakala mbili, moja isiwe kwenye simu. Simu huanguka ziwani.

5. Mtume kijana mmoja wa karakana yako ajifunze kuchora. Kompyuta ya mtumba inatosha kwa kazi hii.

Kwa wakubwa wa kaunti nina ombi fupi. Mkitenga pesa za leza, tengeni kwanza za kufundisha uchoraji wa kompyuta katika vyuo vya ufundi, Rarieda ikiwemo. Na mashine yoyote iliyonunuliwa kwa kodi yetu iwe na sharti lililobandikwa ukutani: mteja akilipia mchoro, anaondoka na faili yake.

Siku mheshimiwa atakapokuja na mashine tutapiga makofi, hatuna ubaya. Ila kabla ya utepe kukatwa, fundi mmoja ainue mkono aulize faili zitakaa kwa nani. Akijibiwa "tutaangalia", ajue bado hajaletewa kitu.

Tuko pamoja.