Siku tano bila patro

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama mwenye kungojea mshahara ku nyumba, kuko mawazo moja batu banaita komunisme ya uhuru: mali ni ya wote, lakini bila serikali wala chama cha kuamuru. Wengi banacheka. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Fígols, kule Hispania, hawakucheka. Januari 1932 walisimamisha kazi, wakakamata bunduki, wakatangaza kama shimo ni yao na pesa imekwisha. Ilidumu siku karibu tano, jeshi likaingia. Kisha serikali ikapakiza wafuasi wa mawazo hayo zaidi ya 100 ndani ya meli, ikawatupa ku makoloni yake, huku kwetu Afrika!

Kuondoa pesa, miye sikubali. Chumvi na minervali tutalipa na nini? Lakini ile ya shimo kuwa ya mwenye kuchimba, hapo balisema kweli. Huku kuko koperative zenye jina la wachimbaji, na mizani iko mu mikono ya mukubwa. Ku mkutano unaokuja tudai hii: mwenye kupima mawe tumuchague sisi, na akiiba tumutoshe sisi.