Kadi ya picha: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Wiki hii naongea na vijana wa kompyuta, hasa wale wanaodunduliza visenti wanunue kadi ya picha iliyotumika. Nyie ndio mnaolizwa sana, na anayewaliza wala hakimbii. Anakupa na risiti kabisa, imeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Kadi hizi zilijaa sokoni hasa baada ya Septemba 15, 2022, siku sarafu ya mtandaoni iitwayo Ethereum ilipoachana na mtindo wa kuchimbwa kwa kadi za picha. Wenye kadi kumi, ishirini, zilizokuwa zikiunguruma usiku na mchana, wakaziuza. Sisemi zote ni mbovu. Nyingine ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba mbovu na nzima zinafanana, na muuzaji akishaipiga brashi, kadi inang'aa kama imetoka kiwandani jana.

Wengi wakiona Windows imewaka na picha imetulia, wanatoa hela. Jamani! Hiyo ni sawa na kununua gari kwa kusikiliza injini likiwa limesimama. Mlima hujaupanda bado. Kadi ya picha hupandishwa mlima kwa gemu.

Anza hivi. Kompyuta ikiwashwa, kodoa macho tangu maandishi ya kwanza, kabla Windows haijaingia. Ukiona chenga, mistari ya wima au herufi zimegeuka madudu, aga uondoke.

Ikipita hapo, weka gemu nzito. Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, inafaa sana. Kwenye mipangilio yake kuna mstari unaoonyesha kumbukumbu ya kadi inayotumika, hivyo pandisha viwango hadi ukaribie kuijaza. Kisha endesha gari mjini nusu saa. Nusu saa, si dakika tano, maana ubovu mwingi hujificha hadi kadi ipate moto. Kama muuzaji hana gemu, kuna programu ya bure iitwayo Unigine Heaven, ya mwaka 2009.

Sasa utazame nini? Madoadoa yanayometameta, au vyumba vyumba kama ubao wa drafti, mara nyingi ni kumbukumbu ya kadi inayokufa. Pembetatu kali zinazochomoka kwenye mwili wa mtu au ukutani hadi angani, nazo ni dalili mbaya. Vivyo hivyo kioo kuwa cheusi kisha kurudi na ujumbe kwamba draiva imekwama.

Lakini usimwonee muuzaji. Picha kukatika katikati ukigeuka haraka si ugonjwa. Kukwamakwama huenda ni prosesa. Madudu yakitokea kwenye gemu moja tu, nyingine safi, shuku gemu au draiva.

Kuna ujanja mmoja wanaoujua mafundi. Ukiona doa, piga picha ya skrini kwa kitufe cha kompyuta, si kwa simu, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine. Doa likiwemo, limezaliwa kabla picha haijafika kwenye waya. Lisipokuwemo, badilisha kwanza waya, tundu na kioo.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu anahariri video za harusi. Alichukua malipo ya awali ya bwana harusi akanunulia kadi, akaipima kwa kuangalia Windows tu. Siku ya tatu pembetatu zikaanza. Muuzaji akamwonyesha risiti. Ilibidi akodi kompyuta ya mwenzake amalizie kazi, na faida yote ikaishia huko. Bibi harusi alipata video yake. Kijana hakubaki na kitu, ila ile kadi.

Na hata nusu saa haitoshi kwa kila kitu. Kuna kadi zilizokufa zikafufuliwa kwa kuchomwa hewa ya moto, au hata kuokwa kwenye oveni kama mkate! Huamka, zikafanya kazi siku au wiki chache, kisha hulala tena. Kwa hiyo dai dhamana ya maandishi, angalau mwezi mmoja, yenye namba ya kadi. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakataa. Akikataa, amekwishakujibu.

Usidhani mpya ndiyo salama. Novemba 2018 kampuni ya Nvidia yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya kadi za mwanzo za RTX 2080 Ti zilipenya upimaji wa kiwandani zikiwa na kasoro. Nayo ipime wiki hiyo hiyo, dhamana ikiwa bado mbichi.

Muuzaji akinuna kwa sababu unacheza gemu dukani kwake, mwache anune. Hela ni yako, macho ni yako. Tukutane wiki ijayo!